Nusu ya wati si nusu ya kelele

Mhariri,

Katika vikao vya LC1 (baraza la mtaa) hapa Kampala, ugomvi wa kelele huishia kwenye ahadi ileile: mwenye baa au mchungaji atapunguza mashine "nusu". Usiku ukifika jirani hasikii tofauti, naye anaona amedanganywa. Huenda hakudanganywa.

Amplifaya ya wati 1,000 ikishushwa hadi 500, sauti hupungua desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na aliyelala ng'ambo ya barabara atatambua kwa shida. Ili sikio liseme "sasa ni nusu", zinahitajika kama desibeli 10, yaani zile wati 1,000 zibaki 100. Sikio halihesabu wati mojamoja. Linahisi zimegawanywa mara ngapi. Kwa hiyo kikao kiandike desibeli, kiache habari ya wati.

Kuna jambo jingine linaloumiza watu zaidi. Mashine za kupimia kelele kwa kawaida huwekwa kwenye kipimo cha A, ambacho hukata besi: kwenye hezi 63, yaani besi ya mitetemo 63 kwa sekunde, huondoa desibeli 26. Ukuta wa matofali nao huzuia sauti nyembamba, besi ikapita. Mama anayebembeleza mtoto chumbani anasikia dundo tupu na vioo vinatetemeka, huku mpimaji akimwonyesha namba ndogo. Asikubali. Aombe kipimo kihamishiwe C, kisichokata hata desibeli 1 hapo kwenye hezi 63. C ikizidi A kwa desibeli 20, shida ni besi. Simu isitegemewe, maana maikrofoni yake ilitengenezwa kwa maongezi.

Na hapo kwenye besi ndipo penye nafuu. Sikio huhisi mabadiliko ya besi upesi kuliko ya sauti za kati, hivyo kuishusha desibeli 5 au 6 tu hukaribia kuleta ile nusu iliyoahidiwa, na waimbaji au wachezaji bado wakasikia maneno vizuri. Fundi aanzie kwenye kitufe cha besi, asikimbilie sauti yote.

Kipimo kifanyike kwenye dirisha la mlalamikaji, kisha utepe ubandikwe kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) pale mlipokubaliana. Mrudie kupima ukumbi ukijaa: miili ya watu hunyonya sauti nyembamba, fundi akaona muziki umefifia, akapandisha kila kitu, besi ikiwemo.

Fundi wa mitambo ya sauti,
Kampala