Mwezi wa macho na mwezi wa hesabu: salamu za Idi kutoka Mombasa

Ndugu zangu wa barazani, nanyi wanafunzi wangu wa zamani mliotawanyika, assalaam alaykum. Idi Mubarak. Mungu azitakabali saumu zetu.

Mwaka huu tena magharibi ilitukuta darini, shingo zimetunyooka kuelekea baharini. Jirani wa chini alikwisha kuroweka mchele wa biriani, yeye hufuata mwandamo wa Makka. Sisi tukawa twamngoja Kadhi Mkuu. Binti wa ndugu yangu, anayesoma biokemia, akaniuliza: "Ami, si mwezi unahesabika kwa kompyuta mpaka dakika? Twatafuta nini huku juu?"

Nikacheka, maana aligusa ugomvi wa watu wa protini bila kujua: umbo la protini lionwe kwa macho, au lipigiwe hesabu?

Zamani umbo la protini lilijulikana kwa kuonwa tu. Unaigandisha iwe fuwele, unaipiga eksirei, kisha unakaa miaka. Mwanasayansi Max Perutz aliikalia hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya miaka 20 pale Cambridge. Mwaka 1971 ilipofunguliwa hifadhi ya Protein Data Bank, maumbo yaliyokuwamo yalikuwa 7. Saba! Vyama vikafuata: Protein Society ya Marekani mwaka 1986, kisha watu wa Asia na Pasifiki wakaunda chao, mkutano ukawa wahama bandari kwa bandari, Shanghai 2011, Jeju 2014. Kwetu wanabiokemia wa Afrika waliunda shirikisho lao mwaka 1996, na mkutano wa kwanza ukawa Nairobi hapa hapa.

Wenye hesabu nao hawakulala. Tangu 1994, kila baada ya miaka miwili, hupewa protini ambazo umbo lake limeonwa maabara lakini halijatangazwa, wabashiri. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ilibashiri kwa usahihi uliowaacha watu midomo wazi, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walioongoza kuiunda wakatunukiwa Nobeli ya kemia pamoja na David Baker, mbunifu wa protini mpya. Leo maumbo zaidi ya milioni 200 yamebashiriwa na yako wazi kwa yeyote.

Lakini hesabu ile ilijifunza kwa macho, mwanangu. Ilisomeshwa yale maumbo ambayo watu waliyaona mmoja mmoja, wakayaweka hifadhini bure badala ya kuyafungia kabatini. Na wengi wa walioona walikuwa mbali na pwani hii. Hilo ndilo linaloniuma kila nikifikiria lile wazo la kuunda chama cha protini cha ukanda wetu: tusikiunde ili tukae kusubiri matangazo ya mwezi ulioonwa kwengine.

Maana tunacho cha kutazama. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inatokana na kubadilika kwa asidi amino moja tu (asidi amino ni punje zinazoungana kuwa protini), ya 6 kati ya 146 katika mnyororo wa beta wa hemoglobini. Mwanabiokemia Vernon Ingram aliipata miaka ya hamsini. Badiliko hilo dogo hufanya hemoglobini ishikamane ikikosa oksijeni, na chembe nyekundu hujikunja kama hilali, mwezi ambao hakuna anayeuombea uandame. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Hapo Kilifi watafiti wameifuatilia damu hii miaka na miaka. Nani hana mtoto wa jamaa aliyelia usiku kwa maumivu ya mifupa?

Kwa hiyo yule binti wa ndugu yangu nimempa mkono wa Idi, na juu yake ahadi ya nauli ya mkutano wake wa kwanza. Baba yake asijue bado.

Watoto wamekwenda Makadara kupanda pembea. Mimi niko barazani mpaka isha, kahawa tungu ipo, halua imebaki kidogo. Anayepita na apite mapema.