Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: simamisha ukataji wa lori la vita

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, salaam nyingi.

Naandika hadharani kwa sababu ofisini kwako nimeshazoeleka, nikifika tu naambiwa mkuu yuko kikaoni, nikiacha barua inagongwa muhuri wa kupokelewa halafu kimya. Jina lako sitalitaja wala la wilaya, mwenyewe unajijua na watu wa hapa wakisoma watajua.

Juzi Jumanne lile lori la vita ya pili ya dunia lililoachwa hapa kwetu limekatwa. Vijana wa skrepa wamekuja na mitungi ya gesi, wameanza na boneti, wakaja kebini, jioni Fuso ikapakia wakaondoka. Nimeuliza kibali nikaonyeshwa karatasi ina muhuri wa serikali kabisa, na ofisa mmoja akaniambia "mzee wangu, hili ni bovu la wakoloni, unalilia nini?" Mimi nahisi ni hii bei ya chuma iliyopanda, mtu ameona kilo pale akasahau kila kitu. Chasisi na difu bado ziko yadi mjini, nimeziona jana kwa macho yangu, bado hazijasafirishwa kwenda kuyeyushwa. Ndiyo maana nina haraka.

Mheshimiwa, ulipokuja ziara ulisimama pale pale, ukapigwa picha umeshika usukani wake, ukasema mbele ya wananchi kwamba patawekwa uzio na kibao na wanafunzi wataletwa wajifunze. Tukapiga makofi. Uzio haukuja, kibao hakikuja, nikaanza kufyeka majani mwenyewe, nikanunua waya wa miba na nguzo kwa hela ya mahindi, mke wangu akanisema sana na alikuwa na haki, mwaka ule karo ya mtoto ilichelewa.

Sasa huyo ofisa anayesema bovu la wakoloni naomba anisikilize na yeye. Lile ni Chevrolet, kampuni ya Marekani, na usukani wake uko kulia. Vita ilipoanza Septemba 1939 Marekani ilikuwa haijaingia, sheria yao ya kutoegemea upande ilizuia kuuza silaha kwa wanaopigana mpaka Novemba mwaka ule wakalegeza, mnunuzi alipe taslimu na aje na meli yake. Lakini General Motors, wenye Chevrolet, na Ford walikuwa na viwanda Kanada, na Kanada ilishaingia vitani, na walikuwa na viwanda vya kuunganishia Port Elizabeth kule Afrika Kusini tangu miaka ya 1920. Magari yanafika bandarini kwenye makreti, chasisi huku injini kule, kwa sababu lori zima linakula nafasi kubwa melini, halafu mafundi wa kule wanayaunganisha na kuyavalisha bodi. Mwaka 1940 misafara ya jeshi la Afrika Kusini ikapanda kwa barabara kutoka Broken Hill, ndiyo Kabwe ya Zambia leo, ikaingia Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, mpaka Kenya kwenda kumkabili Mtaliano aliyekuwa ameshika Somalia na Ethiopia. Hili letu liliharibika njiani wakaliacha. Mbao za bodi zilioza zamani lakini boliti zake zilikuwa zimesimama kwenye fremu, na chini ya dashibodi kulikuwa na kibati kidogo cha namba, ukikipangusa kwa mafuta ya taa zilikuwa zinasomeka. Hicho kibati kiko wapi Mheshimiwa? Kimeondoka na kebini.

Babu yangu alikuwa kijana, alishika kazi ya kulisukuma na kulilinda, fundi wa msafara akamfundisha kufungua springi na kubadili tairi, baadaye akajiunga na kikosi cha usafirishaji cha jeshi la Afrika Mashariki akawa dereva. Kwa malori ya namna hii ndiyo Mogadishu ilichukuliwa Februari 25, 1941 na Addis Ababa Aprili 6, vita ya jangwani huendi popote bila maji, petroli na risasi kufuata nyuma. Vita ya kwanza mizigo hiyo ilibebwa kichwani na wazee wetu wakafa maelfu kwa maelfu, na mpagazi angalau yumo kwenye sanamu ya askari pale Nairobi. Dereva wa vita ya pili yumo wapi?

Babu akapelekwa mpaka Burma. Kule napo ni malori tu. Pale Rangoon, bandari ya Burma, General Motors walikuwa wanaunganisha malori ya msaada wa Marekani kwa ajili ya jeshi la China, na Mjapani alipokaribia Machi 1942 wakaharibu zaidi ya 900 yakiwa bado hayajakamilika, ili adui asiyapate. Iran nako, kwenye miji ya Andimeshk na Khorramshahr, Wairani waliunganisha malori zaidi ya 150,000 yakaenda kwa Mrusi, na Studebaker zilizotengenezwa South Bend Indiana Warusi wakazifunga mitambo ya roketi za Katyusha. Leo ukienda makumbusho yao utaikuta Studebaker imepakwa rangi inang'aa, hawasemi bovu la Wamarekani. Wanajua nani aliliendesha na alikuwa anakwenda wapi.

Babu alirudi na koti na kiinua mgongo ambacho askari mzungu asingekubali kukipokea, hakuna pensheni, alikufa anadai. Karatasi zake ziliungua na nyumba. Bibi akaishi kwa kuuza ulezi. Kitu pekee tulichobaki nacho cha kumwonyesha mtoto ukamwambia babu yako alianzia hapa ni lile lori, na nimelitunza miaka yote hiyo bila kumwomba mtu senti, nilichoomba ni kibao tu, kibao cha bati, hata rangi ningenunua mimi.

Najua utasema wilaya ina shida kubwa kuliko hii, kuna maji, kuna zahanati. Ni kweli na mimi maji nachota kisimani kama wengine. Lakini kusimamisha mtu asikate chuma hakuhitaji bajeti, kunahitaji simu moja.

Kwa hiyo naomba Mheshimiwa, piga hiyo simu leo. Mwenye yadi aambiwe chasisi na difu zisiguswe. Vijana waulizwe kebini imekwenda wapi, na kile kibati kitafutwe kabla hakijaingia tanuru. Nani alitoa kibali na hela imeingia mfuko gani, hayo tutaulizana baadaye kwenye mkutano wa hadhara, sikatai, lakini kwanza chasisi. Wakiikata hiyo hata ukileta uzio wa dhahabu utazungushia majani. Nitakuwa pale yadi kesho asubuhi na kesho kutwa, naomba nimkute mtu wako ameshafika na barua ya kusimamisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjukuu wa dereva