Yasini, nimemsikia yule kocha

Wete, Pemba

Ndugu yangu Yasini,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, miye mzima, mama mzima na watoto wote wazima, Alhamdulillah. Natumai huko Maskati nanyi hamjambo. Mvua za huku zilinyesha vizuri na mikarafuu imetoa, tunangoja tu kupanda juu. Nimekuita kwa jina lako la kiwanjani makusudi. Jambo lililonikalisha kitako niandike barua nzima, badala ya kukutumia sauti kwenye simu kama siku zote, ni la Yasini, na anayeuliza ni Omari.

Binti yangu mkubwa ana miaka tisa sasa. Wiki mbili zilizopita nilimkuta amejikunyata pembeni na simu yangu, anaangalia Kapteni Majid, katuni ya mpira ya Kijapani. Ile ile yetu iliyotiwa sauti za Kiarabu, na picha yake imefifia kama kanga iliyofuliwa sana. Sikumwambia kitu. Nilikaa nyuma yake, na muziki wa mwanzo ulipopigwa, wallahi nilisikia harufu ya karafuu.

Wewe unajua kwa nini. Kwa bibi yako, Mungu amrehemu, katuni haikuwa ya bure. Msimu wa karafuu tukitoka chuoni, juzuu kwapani, tunakuta keshatandika jamvi mbele ya televisheni, na karafuu mbichi zimemwagwa juu yake chungu nzima. "Mikono hapa, macho huko," ndivyo alivyokuwa akisema. Basi tunachambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule, vidole vinanata, na Majid anakimbia. Aliyejisahau akaacha kuchambua alitolewa nje akaangalie dirishani. Miye nimeangalia mechi nyingi dirishani kuliko jamvini, maana Bassam akishika mpira mikono yangu ilikuwa inakufa ganzi.

Wazee walidhani tunakifahamu Kiarabu kwa kuwa tunasoma Kurani. Tulikisoma, hatukukielewa. Na kile cha Majid kilikuwa Kiarabu fasaha, kila irabu mahali pake kama hotuba ya Ijumaa, kwa hiyo kilitukaribia, halafu kikatuponyoka. Mtangazaji kila baada ya dakika anasema fariki, miye nahesabu maiti, mpaka uliponambia kwamba kwao hiyo ni timu. Jumhuri wakawa ni watazamaji. Na mwaka ule wa 2005, mwaka wa uchaguzi, kura lilikuwa neno ambalo mtu hapa Pemba hulitamka baada ya kutazama nani yuko karibu, na Majid alikuwa akilipiga teke kila siku, kwa sababu kwao kura ndiyo mpira wenyewe! Hasimu peke yake ndiye tuliyemjua bila ya msaada wako. Alikuwa hasimu kwao na kwetu.

Wewe ndiye uliyeishi Maskati mpaka ukafika miaka saba, ndipo wazee wako wakakuleta kwa bibi. Ulikuwa ukikaa katikati yetu juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ukitafsiri kwa sauti ya chini ili bibi asikie katuni yake naye. Bassam ulimpa sauti nzito. Kipa Walid ulimpa sauti ya mwalimu wetu wa chuoni.

Tulipogawana majina hakuna aliyebisha lako. Yasini wa kwenye katuni ana baba mchoraji anayehama mji hadi mji, na kila mara mtoto akishazoea marafiki, mzigo unafungwa. Sote tulijua iko siku utarudi kwenu. Miye nilipewa Omari, beki anayezuia mashuti kwa uso, na nililipokea jina hilo kwa fahari mpaka leo. Bassam hakupewa mtu kwa sababu sote tulimtaka. Lakini wewe ulijua miye namtaka kwa sababu gani. Mtoto asiye na baba, anafanya kazi amsaidie mama yake kulisha wadogo zake, kisha anakwenda kiwanjani anapiga shuti linalotoboa wavu.

Na umeme ule! Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umetufikia mwaka 2010. Wakati wetu Pemba ilikuwa ikitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha, na mitambo ilikuwa na siku zake. Bassam anarudisha mguu nyuma, mtangazaji anapiga ukelele, kisha giza. Mechi zile unazijua, shuti moja huweza kumaliza kipindi kizima kabla halijafika, na kiwanja kimepinda kama bahari, goli linachomoza kwa mbali kama tanga la ngalawa. Tunabaki gizani na karafuu zetu. Hapo ulikuwa unaendelea wewe. Ulitoa dakika, ulitoa aliyeanguka na aliyelia, ulimaliza mechi kwa kichwa chako. Umeme ukirudi kesho yake na matokeo si yale, hakuna aliyekulaumu. Mara nyingi mechi yako ilikuwa nzuri zaidi.

Sasa nifike ninapokwenda.

Unamkumbuka yule kocha Mbrazili, mchezaji mkubwa aliyeachishwa mpira na maradhi ya macho. Aliishi nyumbani kwa akina Majid, akamfundisha kupiga tikitaka, akamuahidi kwamba atamchukua Brazil. Wakachukua ubingwa. Siku ile umeme ulikuwepo, ulikuwa mwisho wa Shaabani, na baba yangu alikuwa na miezi kumi tangu aage kwamba anakwenda Dar es Salaam kwa siku nne. Ulitutafsiria hivi: kocha anasema anatangulia kutengeneza nyumba, atarudi kumchukua mtoto baada ya Ramadhani. Mwenzetu mmoja alicheka, akauliza Wajapani wanafunga? Ulimtazama mpaka akanyamaza. Miye sikuuliza. Nilishika hilo moja tu, kwamba baada ya Ramadhani.

Usiku wa tatu na binti yangu tulifika pale pale. Kiarabu sasa nakifahamu, Yasini, nakisomesha skuli, na nilikianza kwa sababu ulipoondoka hakukuwa na wa kunitafsiria. Nimemsikia kwa masikio yangu. Hakuna nyumba inayotengenezwa. Hakuna Ramadhani. Mtu kaondoka bila kuaga, kaacha daftari lenye mafunzo yake, na mtoto kabaki nalo mkononi. Binti yangu akanigeukia: "Baba, anasema nini? Atarudi?" Nilisimamisha picha. Nikamwambia simu imekwisha chaji.

Tangu usiku ule nimesoma kila nilichokipata juu ya katuni hii. Aliyeibuni anaitwa Yoichi Takahashi, mtu wa Tokyo. Aliliona Kombe la Dunia la 1978 akashikwa na mpira, na mwaka 1981 akaanza kuichora hadithi, wakati Japani yenyewe haijawahi kufika Kombe la Dunia hata mara moja. Walifika 1998. Televisheni ya kwao iliionesha kuanzia 1983. Majid jina lake ni Tsubasa Ozora, wewe ni Taro Misaki, miye ni Ryo Ishizaki. Waarabu wakaja wakatia sauti zao na majina yao. Wanajeshi wa Japani walipokwenda Samawah, Iraki, walibandika picha yake kwenye magari ya maji mwaka 2004, na watoto wa kule wakamjua hapo hapo kuwa ni Majid. Nimefurahi kuyajua haya, na nimekuwa nikimsimulia kila mtu hapa nyumbani. Lakini kituo cha mwisho hakiandikwi popote. Kilikuwa jamvini kwa bibi yako, na mtiaji sauti alikuwa na miaka kumi. Katuni niliyokua nayo ni ile yako.

Nikwambie kitu ambacho hujakijua. Sikukuu ile nilikwenda bandarini siku zote za Idi, nimevaa kanzu mpya, kutazama nani anashuka. Hakushuka, na hajashuka mpaka leo. Usije ukafikiri nakulaumu. Ramadhani ile nzima nililala vizuri. Nilifunga siku zote, nilimsaidia mama kukoroga unga wa vibibi huku naimba, na yeye mpaka leo anasema sikuwahi kuwa mtoto mtulivu kama mwezi ule. Mwaka ule wote ndio mwezi pekee ninaoukumbuka kwa raha, na umenipa wewe.

Nataka kujua ilikuwaje tu. Bibi alikutuma? Ulikwishaiona sehemu ile Maskati, ukajipanga tangu mapema? Au yalikutoka palepale, kocha akiwa bado anasema? Maana baba yake Bassam hukumficha. Ulituambia wazi kwamba kafa, ukaendelea. Huyu wa kuondoka na asirudi ndiye uliyemgeuza.

Daftari langu la mabao yetu ya chandimu bado ninalo, na wewe unaongoza kwa magoli kumi na moja. Ukija, njoo msimu huu. Jamvi lipo.

Ila jibu langu nitumie kabla ya Ijumaa. Ndiyo siku niliyomuahidi mtoto kwamba simu itakuwa na chaji.

Nduguyo,
Omari