Wanyama wapelelezi wa kwetu waandikiwe vitabu vya watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wachapishaji na wachoraji wa vitabu vya watoto hapa nchini. Mzazi wa Arusha anayemtafutia mtoto wa miaka minane au tisa hadithi ya upelelezi yenye picha, mara nyingi huishia kununua kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa ng'ambo, ambamo paka na mbwa wanasafiri na familia yao, wanafika ugenini, wanakuta kitu kimeibwa, na wanamnasa mwizi kabla watu wazima hawajang'amua lolote. Sivilaumu vitabu hivyo. Watoto wanavipenda kwa sababu nzuri: mnyama hupita chini ya meza, husikia mazungumzo ambayo mtoto hufukuzwa asiyasikie, na kwa kuwa hawezi kusema na watu, inabidi ushahidi wenyewe useme. Ninachosisitiza ni kwamba hadithi za namna hii tunaweza kuziandika kwa Kiswahili, tena kwa kutumia visa vya kweli.

Tazama habari za Magawa, panya buku aliyezaliwa mwaka 2013 mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufundisha panya kunusa baruti iliyomo ndani ya mabomu ya kutegwa ardhini. Alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na silaha nyingine za mlipuko zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, likamtunuku nishani ya dhahabu ambayo hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alikufa Januari 2022. Kifaa cha kutafuta chuma hulia kila kikutapo msumari au kizibo cha soda, na mtu hulazimika kusimama achimbue kwa uangalifu. Panya hajishughulishi na chuma, hufuata harufu ya baruti peke yake, na akiipata hukwaruza udongo. Kwa kuwa uzito wake ni kilo moja na kidogo, bomu halilipuki akipita juu yake. Ujira wake ni kipande cha ndizi au karanga, na panya buku ana mifuko ndani ya mashavu ya kubebea chakula. Ni mchoraji gani mwenye jicho atakayeacha kulitumia shavu moja lililovimba katika picha ya ukurasa wa tano, ambalo mtoto atalirudia mbio akifika ukurasa wa ishirini, pale karanga za mwalimu wake zitakapokuwa zimepotea? Hata nyayo zake zina siri, kwa maana miguu ya mbele huacha alama za vidole vinne na ya nyuma vitano.

Najua wapo wazazi watakaosema kwamba panya ni mharibifu wa ghala na hafai kuwa shujaa. Mimi naona hapo ndipo hadithi inapopata nguvu, kwa sababu mtoto atalazimika kuacha chuki yake kwa kufuata ushahidi, si kwa kuhubiriwa. Na nchi ya kigeni haitakuwa mapambo tu: mtoto wa Chekereni, kule Moshi, aliyekulia kando ya majaruba ya mpunga, ataelewa upesi uchungu wa mkulima wa Kambodia asiyethubutu kuingia shambani mwake kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa na vita.

Anayetaka mbwa naye asiende mbali. Hapa Usa River, shirika la uhifadhi wa wanyamapori, African Wildlife Foundation, limefundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, na baadhi yao wamekwenda kufanya kazi katika nchi za jirani, kama vile katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda. Mbwa havuki mpaka bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na ukaguzi wa daktari wa mifugo. Tarehe isiyolingana kwenye cheti kama hicho inatosha kumfichua mlanguzi anayejifanya mfugaji.

Ombi langu kubwa linahusu picha. Katika vitabu vyetu vingi mchoraji huletewa maneno yaliyokwisha kamilika, naye hurudia kwa rangi yale ambayo msomaji amekwisha kuyasoma. Hadithi ya upelelezi haiwezi kuishi hivyo, kwa kuwa picha lazima ijue jambo ambalo maneno hayajalitaja. Kwa hiyo wachapishaji wamwite mchoraji tangu rasimu ya kwanza, wamlipe kama mtunzi mwenza, na jina lake liandikwe kwenye jalada. Nawasihi pia waratibu wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ina kipengele cha hadithi za watoto, wafikirie kupokea kazi zilizoandaliwa na mwandishi na mchoraji kwa pamoja.

Wako,
Msomaji na mzazi,
Sakina, Arusha.