Supaglu si dawa ya moldingi iliyobanduka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge ushauri unaozagaa kwamba moldingi ya mlango, ule ukanda wa plastiki au nikeli unaopita ubavuni mwa gari, ikianza kuachia kwenye gari lenye umri, dawa yake ni matone mawili ya supaglu na kuikandamiza kwa kiganja. Inashika, ndiyo. Kwa wiki moja.

Supaglu ikikauka inakuwa ngumu na haina mnyumbuko, wakati plastiki na bati havitanuki sawasawa. Ukanda wa mita moja, kati ya usiku wa baridi na mchana wa jua kali, unaweza kutaka kurefuka milimita mbili hadi tatu zaidi ya bati lililo nyuma yake. Ndiyo maana kiwandani hutumia tepu ya povu yenye unene wa karibu milimita moja: povu linanyumbuka, supaglu inapasuka. Juu ya hayo, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye rangi nyeusi. Silikoni yenye harufu ya siki nayo ina asidi inayoamsha kutu, na mabaki yake huikataa rangi siku mlango ukipulizwa upya. Skrubu ndiyo mbaya kuliko zote: unatoboa bati, maji yanaingia, na ncha yake inaweza kukwaruza kioo kinaposhuka ndani ya mlango.

Kosa la msingi, hata kwa mafundi wazoefu, ni kupaka gundi mpya juu ya povu la zamani. Gundi hiyo haishiki mlango, inashika povu lililooza, na povu ndilo linalochanika.

Kwa hiyo moldingi itoke yote. Hata kama nusu yake bado imeshika, hiyo nusu nayo iko njiani kutoka. Kwanza bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi (masking tape) kwenye bati, sambamba na ukingo wa juu wa moldingi, ili ujue pa kuirudishia. Bila alama hiyo, mstari wa mlango wa mbele na wa nyuma utapishana na kila mpita njia ataona. Chungulia kama kuna klipu au nati kwa ndani, maana magari mengi ya zamani yana gundi katikati na klipu kwenye ncha. Kisha pasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, uingize mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya ukanda na kuuvuta huku na huku kama msumeno. Bisibisi ikae mbali.

Kusafisha ndiko kunakochukua muda, na ndiko watu wanakokimbia. Gurudumu la mpira linalofungwa kwenye drili hula mabaki ya gundi bila kudhuru rangi, ila mwendo uwe mdogo na lisitulie mahali pamoja, la sivyo rangi itaungua. Asiye nalo alowanishe kitambaa kwa mafuta ya taa, akiache juu ya gundi dakika 10, kisha akwangue kwa kipande cha plastiki. Thina hapana, hasa gari likiwa limewahi kupigwa rangi upya. Mafuta ya taa nayo huacha utando, basi osha kwa maji ya sabuni, suuza, kausha, halafu futa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Nyunyiza maji kidogo: yakitandaa, pamesafika, yakijikusanya kuwa matone, bado kuna nta, rudia. Mwisho kausha na ufute tena kwa spiriti. Mgongo wa moldingi nao usafishwe vivyo hivyo.

Hapo geuza moldingi usome herufi zilizochapwa nyuma. Hizo hutaja aina ya plastiki. Ikiandikwa ABS, tepu itashika moja kwa moja. Ikiandikwa PP, yaani polipropilini, plastiki hiyo haishikwi kirahisi na gundi yoyote; lazima ipakwe praima ya tepu, kimiminika cha kuisaidia gundi ishike, na kuachwa ikauke.

Tepu iwe ya povu la akriliki, pande mbili, unene wa milimita 0.8 hadi 1.1, na upana pungufu kidogo ya moldingi isije ikachungulia. Ilaze bila kuivuta. Tepu iliyovutwa hurudi na kuinua ncha. Bandua karatasi yake ya kinga sentimita 5 tu kila mwisho, uikunje itokeze nje kama masikio. Weka moldingi kwenye alama, isogeze hadi iridhishe, ndipo uvute masikio karatasi itoke yote huku ukikandamiza kwa rola. Ukanda uliojikunja upashwe joto na kunyooshwa kabla ya kubandikwa, kwani hakuna tepu inayoshinda springi inayovuta mchana na usiku.

Usifanye kazi hii bati likiwa chini ya nyuzi 10 za selsiasi. Katika joto la kawaida tepu hufikia takriban nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na yote baada ya saa 72. Gari lisioshwe siku hizo tatu.

Kuhusu klipu, ikivunjika moja badilisha zote. Zilizobaki zina umri uleule. Pima tundu kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, kabla ya kununua, maana klipu ya milimita 7 kwenye tundu la 8 hucheza na kukwangua rangi. Tundu lenye kutu likwanguliwe hadi bati jeupe, lipakwe praima na rangi, likauke, ndipo klipu iingie na mpira wake wa kuzuia maji.

Fundi bodi, msomaji wako