Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa umoja wa uwakili (utunzaji wa sadaka na mali ya kanisa), Tanga

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wanachama.

Hesabu za mwaka mweka hazina amekwisha kuzibandika ubaoni, mapato upande huu na matumizi upande ule, kwa hiyo sitazisoma tena. Yangu ni kueleza pesa hizo hupitaje mikononi mwetu na wapi hutuponyoka. Na kati ya yote tunayoshughulika nayo, gumu kuliko mengine ni kutofautisha sadaka ya kujinyima na sadaka ya kunyima wengine.

Naanza na mfanyabiashara mdogo, maana ndiye anayeumia kimyakimya. Tuchukue mfano wa mama anayenunua ndoo ya dagaa pale soko la samaki la Deep Sea kwa shilingi 40,000, akaiuza yote kwa 52,000, bajaji na mifuko vikala 3,000. Faida yake ni 9,000, na fungu lake la kumi ni 900. Wengi hupiga hesabu kwenye mauzo wakatoa 5,200. Nyumbani anabaki na 3,800, hazitoshi unga na mboga, basi anachota kwenye ile 40,000. Juma la pili ndoo haijai, na baada ya mwezi hakuna ndoo. Akiulizwa anajibu Mungu atarudisha. Sawa, lakini mtaji ule mara nyingi ni wa vikoba, yaani vikundi vya kukopeshana, si wake. Daudi alipopewa bure kiwanja cha Arauna pamoja na ng'ombe, alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Gharama ile aliilipa yeye mwenyewe, hakumwachia jirani.

Ndiyo maana kodi ya nyumba, dawa na karo havihesabiwi kuwa vya kujinyima. Katika Marko 7 Yesu anawakemea waliosema mali yao ni "Korbani", yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao. Mjane wa senti mbili, sura tano mbele, alitoa riziki yake yote, lakini ilikuwa yake. Tena msisahau mstari unaotangulia habari yake: unawataja waandishi wanaokula nyumba za wajane. Sisi tunaoshika kikapu tuusome huo kwanza.

Ahadi ndizo zinazotuchosha zaidi. Ikiandikwa mkutanoni, kwaya ikiimba na majina yakisomwa kwa kipaza sauti, ahadi hupanda kwa mashindano, na ifikapo mwisho wa mwezi mtu anakimbilia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili asiaibike. Sadaka ya namna hiyo, riba yake wanailipa watoto kwa chakula chao. Utaratibu unaotufaa ni huu: fomu haijazwi siku inapogawiwa. Inakwenda nyumbani, mume na mke wanakaa nayo siku 7, wanajaza kiasi, chanzo na tarehe. Mstari wa chanzo ndio wenye kazi. Ukiandikwa "mkopo", fomu inarudishwa kwa upole. Majina hayasomwi. Atakayeshindwa katikati ya mwaka amwone mzee wa mtaa wake, ahadi ipunguzwe au ifutwe bila tangazo, kwa kuwa 2 Wakorintho 8:12 inapima kwa kile mtu alicho nacho, si kwa asicho nacho.

Kuhesabu. Watu 3 wasio wa nyumba moja, mezani, kabla waumini hawajatawanyika. Noti zipangwe kwa aina kuanzia 10,000 kushuka, sarafu mwisho. Kila mmoja ahesabu peke yake ndipo walinganishe. Fomu nakala 2 kwa kaboni, saini zote kabla mfuko haujafungwa. Jumatatu benki, na stakabadhi ibanwe kwenye nakala ya kitabu. Kosa linalojirudia ni kulipa juu kwa juu: fundi wa jenereta anapewa pesa kutoka kikapuni, kisha kilichobaki ndicho kinachoandikwa. Hapo hata mwaminifu hana cha kujitetea nacho. Vilevile sadaka za simu ziende kwenye namba ya malipo yenye jina la umoja, si laini ya mtu. Paulo hakuipeleka changizo ya Yerusalemu peke yake. Alitaka watu waliochaguliwa na makanisa yenyewe waende nayo, asije akalaumiwa.

Sadaka ya mazao ina mambo yake. Samaki wauzwe sokoni, iletwe pesa. Dagaa wa Jumamosi hawangoji mahubiri ya Jumapili. Machungwa ya Muheza yanadiwe siku hiyohiyo, hata kwa bei ndogo. Nazi zihesabiwe moja moja. Mahindi yapimwe kwa kilo, si kwa gunia la lumbesa lililojazwa kupita kiasi, na kabla ya kuingia ghalani yajaribiwe kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi theluthi, vijiko vya chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yaanikwe tena. Wasiofanya hivyo hufungua ghala wakakuta ukungu, na mahindi yenye sumukuvu hapewi yatima wala kuku.

Kuhusu akiba, wapo wanaosema ni kutomwamini Mungu, wakitaja mana, chakula cha Waisraeli jangwani, iliyoingia mabuu. Kutoka 16 isomwe yote. Kila mtu alipata pishi moja kwa siku, kipimo cha nafaka ambacho bibi zetu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Iliyolazwa bila agizo ilioza. Iliyolazwa siku ya sita, kwa agizo, haikuoza. Kwa hiyo mfuko wetu wa akiba unabaki, ila uwe na ukomo: matumizi ya miezi 3. Kinachozidi kinakwenda kwa wahitaji, kama Paulo anavyoitumia habari hiyohiyo ya pishi anapowaomba Wakorintho wenye nacho wawafikirie wasio nacho.

George Müller wa Bristol hutajwa sana mimbarani: alilea maelfu ya yatima bila kuomba watu pesa wala kukopa. Nusu ya pili haitajwi. Aliandika kila kipawa kilichoingia, na kila mwaka akachapisha taarifa watu wote wasome.

Fomu za ahadi zitagawiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, zirudi Jumapili inayofuata. Chupa ya kupimia mahindi ipo kwa mtunza ghala. Chumvi ya ndani ibadilishwe kila asubuhi ya mnada, maana hewa yetu ya bahari huilowesha usiku kucha.