Ukifika Kyoto mwezi wa Julai

Mwanangu mpendwa,

Kwa kuwa utakuwa Kyoto, Japani, katikati ya Julai, usiikose Gion Matsuri. Ni sherehe ya hekalu la Yasaka, na chimbuko lake ni mwaka 869, watu walipoomba miungu iwaondolee maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza. Hudumu mwezi mzima, lakini wewe shika tarehe 17, siku ya maandamano makubwa.

Yanaanza saa 3 asubuhi, njia panda ya barabara za Shijo na Karasuma. Usisimame hapo. Nenda njia panda ya Shijo na Kawaramachi, ufike mapema sana, kwani huko ndiko hoko, magari marefu ya sherehe yanayovutwa na watu kwa kamba, yanakokata kona. Makubwa yana uzito wa tani 12 hivi na kimo cha mita 25 kutoka chini hadi ncha ya mlingoti, na magurudumu yake ya mbao hayapindi kushoto wala kulia. Kwa hiyo hutandikwa fito za mianzi iliyopasuliwa chini ya magurudumu ya mbele, zikamwagiwa maji ziteleze. Kisha kamba huvutwa kwa ubavu. Gari hugeuka kidogo, husimama, fito hupangwa upya, huvutwa tena. Watazame wale wenye vipepeo vya kujipepea mbele ya gari: wao ndio wanaotoa ishara, na wavutaji wasipovuta kwa pamoja gari hukwama. Wengi huona gari moja likigeuka wakaondoka. Wewe kaa, maana kila kundi lina mkono wake.

Ukiweza kufika tangu tarehe 10, utaona magari yakiundwa kwa kamba, bila misumari. Mafundo yale mwanangu ni kazi ya kuheshimu.

Usiku wa tarehe 15 na 16 barabara hufungwa na vibanda vya chakula hujaa. Beba sarafu za yeni 100 na 500. Taka zako rudisha kwenye kibanda ulichonunua, au zitie mfukoni. Chimaki zinazouzwa kwenye magari haziliwi. Ni kago la kinga la majani ya mwanzi, hutundikwa mlangoni mwaka mzima. Ukivaa yukata, lile vazi jepesi la Kijapani la kiangazi, upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo maiti anavyovikwa.

Joto hupita nyuzi 35, nalo ni la unyevunyevu, kwa hiyo jasho halikauki na mwili haupoi. Kunywa maji kabla ya kiu na uweke chumvi kidogo mdomoni. Mwavuli usiufungue katikati ya watu, vaa kofia.

Ukichoshwa na msongamano, kuna maandamano ya pili tarehe 24, magari 11, watu wachache zaidi, na usiku wake hauna vibanda.

Kurudi, usijisukume kwenye kituo cha treni cha Shijo. Tembea hadi kituo kinachofuata, upande huko.

Mzazi wako akupendaye